Chumba Kilichopenya Rangi

Ni mwaka mmoja sasa, Mama yetu, tangu ulipotuachia brashi zako zimelowekwa kwenye kopo, na hakuna anayethubutu kuzitoa.

Mtaani walikuita Mama Rangi, mchora mabango ya maduka. Sisi tunakukumbuka ukiingia ndani na rangi hadi kwenye nyusi, ukimchokoza binti yako wa mwisho, aitwaye Kimya: “Kimya, leo umeshasema maneno matatu. Pumzika, usije ukakaukwa na koo.”

Kimya hukumzaa. Ulimtoa kwenye nyumba alikofungiwa tangu utotoni, akifua na kupika bila malipo, bila kuona barabara. Hukumhoji. Ulimwonyesha kitanda, ukampa ufunguo wa mlango wetu. Mpaka leo hulala ameushika.

Kwa ajili ya wenzake ulianzisha tamasha la kila mwaka pale ukumbini, la kupiga vita utumwa huu wa siku hizi. Kulikuwa na nyimbo, maigizo na picha, na michango ilikwenda kwenye nyumba inayowapokea waliotumikishwa. Kila mwaka mmoja wa waliotoroka alichora kwa wino, juu ya plaiwudi, chumba alichofungiwa. Kila mchangiaji alipewa brashi afunike kipande kwa rangi nyeupe, mpaka chumba kipotee. Ulikuwa ukisema, “Chumba hiki hakiuzwi. Kinazikwa.”

Kimya hakuwahi kuchora. Ulimwambia, “Siku ukitaka, mwanangu. Usipotaka, basi.”

Mwaka huu, bila wewe, akataka. Alichora godoro, ndoo, na mlango usio na kitasa kwa ndani. Alitaka kitu kimoja tu: kile chumba kimtoke machoni. Wageni wakakifunika chote, wakapiga makofi. Akacheka, Mama. Laiti ungemwona.

Asubuhi alitangulia ukumbini. Tukamkuta amesimama kama amegandishwa. Mlango ulikuwa umerudi. Ndoo nayo ilikuwa inakuja, kijivu juu ya weupe, kama kitu kinachotoka kwenye ukungu.

Dada mkubwa akashika kichwa. “Vanishi! Mama alikuwa anapitisha vanishi juu ya wino kwanza!”

Miaka yote tulidhani ni ya kung’arisha tu. Kumbe ndiyo iliyouzuia wino usipenye.

Baba akafungua kopo jingine la rangi. “Nipishe, mwanangu, nikizike tena.”

Kimya akamshika mkono. “Kiache, Baba. Hata kichwani huwa kinarudi hivihivi. Acha wakione.”

Basi ubao umebaki ukutani. Watu husimama wakauliza lile doa ni la nini, na sisi hatuwajibu. Anajibu yeye, polepole, kidole kikiwa juu ya ule mlango: “Ni chumba. Mimi nilikuwa humu.”

Unakumbukwa na mumeo, binti yako mkubwa fundi cherehani, wajukuu zako, na Kimya wako.

Tutakukumbuka daima, Mama, hata siku tusizokutaja.