Kibandiko Chekundu

Jumatatu, 4 Februari 2019

Kiti wamempa Odile. Odile Comeau — miaka mitatu tu kazini! Bosi MacIsaac ametangaza kwenye kikao cha asubuhi, kati ya donati na habari za maegesho, utadhani ni jambo dogo. Kila nchi ina kiti kimoja katika kundi letu la utafiti wa mabomu ya baharini: sisi Wakanada, Wamarekani, Waingereza, Waaustralia, Wanyuzilandi. Miaka kumi na moja nimekaa nyuma ya kiti cha Kanada kama msaidizi, nikingoja Garnet, aliyekikalia, astaafu. Garnet kastaafu. Mimi bado msaidizi.

Nimempa Odile mkono wa pongezi. Meno nje, roho inawaka.

Jumatano, 6 Februari

Wiremu, mwenye kiti cha Nyuzilandi, ameandika kutoka Auckland. Si kwangu. Kwa Odile, mimi nimepewa nakala. Nakala! Mtu tuliyetapika naye kwenye meli moja, niliyemfundisha kutembea juu ya barafu, ambaye kila Krismasi hunitumia soksi za sufu. Odile akaja mezani kwangu akicheka, kunisomea mzaha wa Wiremu. Naujua huo mzaha. Aliniambia mimi, mwaka 2012.

Anachotaka Wiremu ni vipimo vyangu vya ghuba ya Bedford Basin. Sauti za chini ya maji, majira matatu ya baridi, vidole vimekufa ganzi. Bila hivyo programu yao ya kutofautisha bomu na jiwe haiwezi kujaribiwa Machi. Vipimo vyangu — na atakayesimama Auckland kuvieleza ni Odile.

Wivu. Haya, nimeliandika neno lenyewe.

Ijumaa, 8 Februari

Leo Odile amefunga visanduku sita vya diski na kuvibandika vibandiko. Kijani ni nchi zote tano. Chekundu ni Wakanada peke yao. Alibandika kijani vyote sita, nilimwona. Vibandiko vya rangi zote mbili hukaa droo moja, na kila mwaka tunasema tuvitenganishe, hatufanyi.

Saa sita mchana wote wakaenda kunywa supu ya samaki. Nikasema sina njaa.

Nimebandua kile cha kijani kwenye sanduku la Bedford. Nimebandika chekundu. Dakika moja, haikuzidi. 

Nilitaka nini hasa? Mzigo uchelewe tu. Wiremu akose, ashangae, aniandikie mimi kuuliza.

Jumanne, 12 Februari

Yule mama wa dawati la vifurushi amekataa kulipokea sanduku. Chekundu hakiendi Auckland, hata useme nini. Amepiga simu juu, na kosa limeshaingia kwenye kumbukumbu. Na sheria yetu ni moja: aliyekosea kibandiko habebi kitu nje ya nchi kwa miezi sita. Kukibandua chekundu nako kunataka fomu na kibali kutoka Ottawa.

Odile alikaa akitazama viganja vyake. Sikumwangalia sana.

Baadaye MacIsaac akanivuta pembeni, akaniuliza pasipoti yangu ina muda gani. Mambo yakibaki hivi, akasema, Auckland ni yangu, na kiti pengine kitafuata. Nilifurahi. Sitajidanganya humu ndani, nilifurahi mpaka nikapita kununua donair kubwa, ule mkate wa nyama na mchuzi mtamu, nikaila yote garini, mchuzi ukinichuruzika hadi kwenye mkono wa koti.

Jumatano, 13 Februari

Barua pepe ya Wiremu! Kwangu! Nimeifungua kabla ya kuvua koti.

Yote inamhusu Odile. Mstari hadi mstari. Kwamba wamesikia, kwamba wanasikitika, kwamba mtu makini vile hawezi kuharibiwa kazi kwa kipande cha karatasi. Halafu hii hapa, naiandika ilivyo nisije nikaipunguza: "Ndugu yangu, huyu dada ni mwanafunzi wako. Kila akituandikia huanza na 'Lorne anasema'. Nilikuwa nataka kukuchokoza kwa hilo ukija. Mtetee, wewe watakusikiliza."

Lorne anasema. Odile hajawahi kuniambia.

Sijamjibu Wiremu.

Ijumaa, 15 Februari

Naandika garini, hita inaunguruma. Daftari la mtu binafsi haliingii jengoni.

Odile amekuja na fomu ya Ottawa, ameijaza yote. Sababu ya kosa: uzembe wangu. Amesaini. Chini kuna mstari wa mwenye vipimo, anayethibitisha kwamba maelezo ya juu ni ya kweli. Huyo ni mimi. Nikisaini, sanduku linakwenda Auckland na mimi nakwenda nalo. Yeye anabaki.

Nikamuuliza kama ana hakika. Swali la kijinga, lakini nilihitaji kusema kitu.

"Nimejaribu kuikumbuka ile Ijumaa, Lorne," akasema. "Nauona kabisa mkono wangu ukichukua kijani. Mara sita. Lakini kibandiko hakina miguu, au siyo? Basi ni mimi."

Akaisukuma kalamu upande wangu. Hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika.

Nikaishika. Nikasoma fomu tangu mwanzo. Neno uzembe limeandikwa kwa mwandiko wake mzuri, wa duara, ule anaoutumia kwenye kadi zetu za siku ya kuzaliwa.

Nikamwambia siwezi kusoma vizuri, nimesahau miwani garini, anisubiri dakika mbili. Sasa robo saa imepita. Namwona kule juu dirishani, ghorofa ya pili, bado amesimama na ile karatasi.

Miwani iko usoni kwangu tangu asubuhi. Aliiona. Akasema tu, "Sawa, Lorne. Nenda kaichukue."