Beseni la Bibi Uani

Mjukuu wangu Anna,

Marahaba. Huku mlimani kahawa imechanua na ng'ombe amezaa, ila Bibi yako hali chakula vizuri tangu tumzike baba yako.

Umeuliza kwa nini amefudikiza beseni uani na hataki mtu apafagie. Jambo hilo limetokana na safari yangu ya ujana. Nilikuwa dereva wa Landrova ya watafiti, ng'ambo ya Ngorongoro, kwenye barabara ya vumbi inayopita makorongo yenye mifupa iliyogeuka mawe. Siku moja walinionyesha nyayo za watu wa kale, kubwa na ndogo, zimeganda kwenye majivu ya volkano. Kisha wakazifukia. Nikashangaa.

"Dereva, tukiziacha wazi mvua itazimaliza," wakasema.

Nilimsimulia Bibi yako tukiwa wachumba. Basi siku ile tulipotoka makaburini akaona unyayo wa baba yako umebaki kwenye tope la uani, akaufunika kwa beseni.

Jumapili, alipokwenda kanisani, nililiinua lile beseni. Palikuwa na nyungunyungu tu na udongo uliolainika. Nikalirudisha taratibu, nikaweka jiwe juu ili upepo usilichukue.

Ukija, mwanangu, usilifunue.

Babu yako