Redio Yenye Akili

Malindi, Alhamisi, 1985

Eti redio hii ndogo ya kaseti ina akili. Muuzaji aliniapia: "Dada, yanasa hata nyayo za sisimizi!" Wallahi, hakusema uongo.

Leo imefika kaseti ya mume wangu kutoka Maskati, pamoja na kikaratasi: "Jambo kubwa nimelisema humo. Sikiliza peke yako." Nikajifungia chumbani, na kwa pupa nikabonyeza na kile kitufe chekundu cha kurekodi. Nusu saa namngoja aanze. Nikadhani anaona haya, maskini.

Nilipoirudisha mwanzo nikasikia kunguru, mama mkwe akikuna nazi, nami nikisonya. Safi kabisa! Sauti ya mume tu ndiyo iliyofutika.

Ataka kurudi? Au ataka kuoa wa pili?

Mama mkwe kaniuliza, "Mwanangu asemaje?"

Nikamjibu, "Akusalimu sana, mama."