Tuzo Niliyopewa kwa Msiba Wako

Dar es Salaam, Jumapili

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kabisa, maana barua isiyoamkia najua utaiwashia moto. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha vumbi la jukwaani hakijaniacha. Goti lako linaendeleaje? Na mvua, imeshuka huko Dutwa au bado mnatazama juu? Masunga aliniambia mahindi yamesimama vizuri, ila kaka yangu huyo hata yakinyauka atasema yamesimama, ili mradi nisimsumbue.

Barua hii nitampa kondakta wa basi la Bariadi. Nimeandika kwa herufi kubwa ili uvae miwani uisome mwenyewe. Masunga asikusomee, haya ni ya wewe na mimi. Miezi minne sasa, tangu nipewe ile tuzo ya filamu, nikipiga simu unasema mko wazima, halafu unampa yeye.

Unajua tuzo zilivyonianza. Ya kwanza, ya jukwaani, ilikuwa cheti na chupa ya chai, na mimi nilifurahia chupa. Zilizofuata nimezipanga juu ya kabati, na wageni wakija wanazisalimia hizo kabla yangu. Lakini hii ya mwigizaji bora wa kike niliitaka, sitakudanganya. Nilishona gauni. Jina langu lilipotajwa, nilipanda jukwaani nikikanyaga pindo lake.

Mshereheshaji akaniuliza mbele ya kamera kuhusu ile sehemu majaji waliyoisifu kuliko zote: mwanamke anaambiwa mumewe amekufa, halii, anaendelea kuchambua maharage, na mawe aliyokwisha kuyatoa anayarudisha moja moja kwenye maharage. Niliipata wapi? Nikatabasamu. Nikasema ilinijia tu, ni kipaji, ni Mungu. Ukumbi ukapiga makofi.

Haikunijia, Mayu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimekaa mlangoni, siku baba mdogo alipofika na baiskeli kutoka Bariadi kutuambia kwamba Baba amefia hospitalini. Wewe ulikuwa unachambua pamba, safi upande huu, fifi, ile yenye uchafu, upande ule. Ulisema umesikia, ukaendelea. Watu wakajaa uani, wengine wakanong'ona kwamba una moyo mgumu. Mimi niliona mikono yako inatupa safi kwenye fifi na fifi kwenye safi, mpaka mafungu yote mawili yakawa kitu kimoja. Sikumwambia mtu. Nilikaa nayo miaka yote hiyo, kisha nikaigeuza maharage, nikaenda kusifiwa kwayo.

Wiki ile ile uliiona filamu kwa jirani yetu, mama Holo, ukanipigia wewe mwenyewe, jambo ambalo hulifanyi. Hukunipa hata nafasi ya kukuamkia.

"Minza," ulisema, "ule ulikuwa msiba wangu. Hukuniomba."

Ukakata. Hukufoka. Ungefoka ningejitetea.

Mwezi uliopita hadithi hiyo tuliipeleka jukwaani. Nilimwambia mwongozaji kwamba maharage siyagusi tena. Alikasirika, na sikumlaumu, kwa sababu watu walikuja kwa ajili ya yale maharage. Akaniuliza mikono nitaiweka wapi sasa. Siku ya kwanza nikasimama pale mbele, nikaambiwa mume wangu amekufa, na mikono ikaning'inia tu. Nikaanza kulia. Sikuwa nimepanga. Siku ile ya Baba sikulia, nilikuwa nakutazama wewe, na baadaye nikaona nimechelewa. Basi kilio chake kikanitoka pale, miaka kumi na tisa baadaye, kamasi na yote, mpaka mwenzangu akasahau maneno yake. Watu wakadhani naigiza. Walisimama kunipigia makofi nami nikaona aibu, nikatoka kabla hawajamaliza.

Sasa wameniandikia kwamba mwezi ujao nitapewa nishani ya heshima kwa kazi zangu zote za jukwaa na filamu, nami niseme maneno machache. Swali lile litarudi tu. Ukinikataza, nitafunga mdomo, na msiba utabaki wako. Ukiniruhusu, nitasema ukweli, kwamba kile nilichosifiwa nilikichukua kwa mama yangu, mkulima wa pamba wa Dutwa, bila kumwomba. Nilipaswa kukuuliza kabla, nakuuliza leo. Ila jibu usimpe Masunga aniambie kwenye simu. Nimeomba ruhusa ya wiki moja, nakuja kulichukua mwenyewe.

Nisalimie Masunga, mwambie mwigizaji wa kweli katika ukoo wetu ni yeye, kwa jinsi mgongo unavyomuuma siku za palizi. Nisalimie wifi yangu anayemvumilia, baba mdogo aliyehamia Nyashimo, na shangazi wa Nassa, mwambie nataka sato wakavu. Mama Holo naye msalimie, hana kosa lolote kwa kukufungulia televisheni yake.

Sitakuja na gauni wala tuzo. Nataka tukae wawili tu, Mayu. Nimemlilia Baba mbele ya ukumbi mzima, na mbele yako bado.

Mtoto wako,
Minza