Ulimi wa Mama Mweusi

Mume wangu Seifu,

Sie huku Keko hatujambo. Mama yako kapona homa, na yule kuku wako ametotoa. Umeniuliza huko India watu wanawezaje kumsujudia yule mungu wa kutisha uliyemwona.

Miaka ile ya Ujamaa nilifuatana na baba yangu, Mmakonde mchonga vinyago vya mashetani vya mpingo, kwenda kutengeneza kabati la miungu kwa Mama Hansa, jirani yetu Mhindi. Alipofungua pazia nikarudi nyuma: sanamu ya mwanamke mweusi, vichwa vya watu shingoni, ulimi nje, mguu juu ya kifua cha mwanamume.

Baba akafurahi. "Shetani huyu kachongwa na nani?"

Mama Hansa macho yalimtoka. "Fundi, huyu si shetani. Huyu ni Kali, mama yetu. Aliwaua mashetani mpaka hasira ikamzidi, hakuna wa kumzuia. Mumewe akajilaza njiani. Kali alipoona amemkanyaga, akauma ulimi kwa aibu."

Nami nilidhani ni kiu ya damu.

Baba aliinama, akavua makobazi aliyoingia nayo, akayapeleka nje mlangoni.

Mkeo