Nichague Flashi Ipi Wakati Mama Yuko Gizani?

Mpendwa mshauri, shikamoo, na naomba unisome hadi mwisho kwa sababu jambo hili limenikaa kooni. Mimi na mume wangu tuna studio na bado tunatumia kamera ya filamu, yeye anapokea wateja na mimi ndiye ninayepiga na kusafisha picha, sasa mdogo wangu alipoolewa nikapiga mimi, mama yetu alikuwa mgonjwa lakini alikuja akaketi kando ya bibi harusi, nikaiacha kamera mezani kidogo nikamrekebishe bibi harusi shela, huku nyuma mume wangu akazungusha kile kigurudumu cha kamera kinachopanga kasi ya kupiga hadi mia tano, eti watu wakicheza picha zisitikisike, wala hakuniambia, nikarudi nikaanza kupiga. Filamu ilipotoka, kila picha nusu yake ni nyeusi tii, na nusu hiyo ndiyo ya mama. Mama tumeshamzika, na hatuna picha nyingine za siku zake za mwisho.

Nilipomuuliza mume wangu alikubali, tukiwa wawili jikoni, lakini mbele ya ndugu zangu akasema, "Flashi aliyoichagua dada yenu ilikuwa dhaifu, nilimwambia mimi." Nikanyamaza nisimvunjie heshima. Mdogo wangu akaniambia, "Dada, umemkata mama," na tangu hapo hapokei simu yangu. Sasa mume ameleta flashi mbili, moja kubwa ya zamani, nyingine ndogo inayojipimia mwanga yenyewe, anasema, "Chagua, mke wangu, tusiaibike tena." Tusiaibike! Mshauri, nichague ipi?

Dada Mwenye Studio

JIBU: Pole kwa msiba, dada. Sasa vumilia nikukaripie. Mpiga picha gani anarudi kwenye kamera yake bila kutazama kigurudumu? Hilo ni lako, libebe. Mengine si yako.

Chukua ile ndogo. Zile kubwa za zamani nyingine hurudisha umeme mkali ndani ya kamera, ukaunguza usichoweza kutengeneza. Iambie flashi aina ya filamu uliyoweka, na kigurudumu kikae kwenye alama ya radi, ile kasi inayopatana na flashi, basi.

Lakini hukuniandikia kwa ajili ya flashi, na wewe unajua. Flashi dhaifu hufifisha picha nzima, haiikati katikati kama kisu. Ule ukingo ulionyooka ni pazia la ndani ya kamera, kwa kasi ya mia tano lilikuwa halijafunguka lote mwanga ulipowaka. Mumeo anajua hivyo kama wewe, ila amegundua kwamba ukimya wako ni rahisi kuliko aibu yake, na wewe ukauita ukimya huo heshima. Heshima gani hiyo inayokutenga na ndugu yako wa tumbo moja?

Toa flashi ileile inayosingiziwa. Mketishe mumeo upande alioketi mama. Piga moja kwenye alama ya radi, nyingine kwenye mia tano. Zisafishe, umpelekee mdogo wako, mume awe pembeni yako na maneno ayaseme yeye.

Mama yenu hatatoka kwenye giza lile, na hilo lilie. Mdogo wako yuko hai, na analala akiamini wewe ndiye uliyemzima mama yake. Mume akikataa kwenda, nenda peke yako, na usimchagulie tena kitu chochote.