Babu Hatoki Jasho

Dodoma

Mama waitu,

Nakuamkia nikiwa nimepiga magoti, kama vile uko hapa mlangoni. Mimi sijambo. Baba mdogo na mkewe nao hawajambo. Sijui ninyi huko Muleba, hasa Babu.

Barua yako nimeisoma mpaka pale ulipoandika kwamba Babu ameizoea nyumba ya bati ya kijiji kipya mlikohamishiwa. Mchana inawaka moto, lakini yeye hata jasho halimtoki. Nikaiacha hapo, nikachukua karatasi. Ngoja nikueleze.

Likizo hii namtafsiria daktari mgeni asiyejua Kiswahili. Anachunguza jinsi miili ya wazee inavyostahimili joto kali. Wazee waliostaafu reli wanakaa mchana kwenye chumba cha mabati, anawapima joto la mwili na uzito, kisha ananiambia niwaulize wanajisikiaje. Unanijua, Mama, mbele ya watu wazima sauti hainitoki. Kuwauliza wazee habari za miili yao niliona aibu. Nikawa nasema tu, "Shikamoo mzee. Hujambo?"

"Marahaba, mjukuu wangu, sijambo," Mzee Saidi alinijibu juzi. "Ila mwambie mzungu wako, anatupika halafu anauliza kama tumeiva."

Wenzake wakacheka. Nami nikamwambia daktari kwa Kiingereza kwamba mzee yuko salama.

Baadaye kidogo Mzee Saidi akaniuliza kama treni ya Kigoma imeshaingia. Nikadhani ni utani tena. Wenzake walikuwa wamelowa, yeye ngozi kavu kabisa. Nikafikiri, afadhali huyu hasikii joto. Kumbe daktari alipomgusa akaagiza maji mbio. Mwili ulikuwa unaunguza. Tulimmwagia maji, tukampepea, hadi akatutambua.

Jana nilikwenda kumwomba radhi. Akasema, "Ulinisalimia, nikaitikia. Ulitaka nijibu nini?"

Daktari bado sijamwambia nilivyokuwa nauliza. Naogopa. Lakini ninavyomwogopea Babu ni zaidi. Mama, usimuulize hali, atakuitikia tu. Mguse mgongo. Ukimkuta mkavu na wa moto, mmwagie maji palepale, mpepee. Na hata akiwa mzima, asishinde tena mchana ndani ya bati, huko rweya kwenye nyasi tupu. Mrudishe kibanjani kwa Baba mkubwa, akae chini ya migomba, anywe maji hata akinuna. Mwenyekiti wa kijiji akiuliza kwa nini amerudi huko, mwambie mzee anaumwa.

Nisalimie Baba, Baba mkubwa, na mdogo wangu anayeniibia kalamu.

Hapo juu nimeandika kwamba sijambo. Ilikuwa salamu tu, Mama.

Mwanao,
Koku